JASHO LETU, KAULI YAO?

Wananchi,

Kila mwaka tunahutubiwa juu ya ushirikiano katika elimu. Wazazi washirikiane na skuli, skuli zishirikiane na Serikali, na wote pamoja wainue kiwango cha masomo. Neno hili ni zuri, nasi hatulikatai. Lakini tunauliza: mshirika ni nani? Ni yule abebaye mawe tu, au ni yule mwenye haki ya kuuliza mawe yamejenga nini?

Ili tupate jawabu, tuvuke bahari tuitazame Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, katika wilaya ya Mwanga. Tumeichagua Ugweno kwa sababu hapana awezaye kusema kuwa watu wale ni wavivu, wala kwamba hawajui thamani ya elimu.

Mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza kuwa huko Ugweno, baada ya ukoo wa Wasuya kuwapindua Washana waliokuwa wafua chuma, mtawala Mranga alilifanya jando la vijana kuwa jambo la nchi nzima, na sambamba na hilo zikawekwa halmashauri za utawala. Hiyo ni khabari ya karne ya 16. Yaani kabla ya mmisionari kufika na ubao wake, Wagweno walikwisha kujua kuwa kumfunda mtoto na kuwa na baraza ni mambo mawili yanayokwenda pamoja.

Upare kuna kazi ya umoja iitwayo msaragambo. Watu hutoka kwa pamoja wakachimba njia na mifereji, wakabeba mawe na mchanga, wakasimamisha skuli mlimani. Basi ilipoanzishwa mipango ya MMEM mwaka 2002 na MMES mwaka 2004, na kila kata ya Tanzania Bara ikaambiwa iwe na skuli ya sekondari, Upare haukuhitaji kufundishwa kujitolea. Mapatano yalikuwa wazi: wananchi wainue kuta, na Serikali ilete waalimu, vitabu na maabara.

Kuta zilisimama. Waalimu je? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Serikali ikayafuta matokeo yale, ikayapanga upya! Wananchi, kosa lilikuwa la mawe? Na fedha je? MMEM iliahidi dola 10 za Marekani kwa kila mtoto wa skuli ya msingi kwa mwaka, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo haikufika skulini. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kisha mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Kumwondolea maskini ada ni haki, nasi twaiunga mkono. Lakini mahali pengi mzazi alielewa kuwa zamu yake imekwisha, na skuli aliyoijenga kwa mikono yake si yake tena. Alipokuwa akichangia hakupewa kauli. Alipoacha kuchangia akaambiwa hana mwamko. Huo si ushirikiano. Huo ni ushirika wa punda na mwenye mzigo.

Watu wa Upare wanaujua mchezo huo. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka Same wakapiga kambi, wakiipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao pasi na ridhaa yao. Na kodi ile iliondolewa.

Sasa turudi kwetu Visiwani. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo. Lakini ni vijiji vingapi vya Unguja na Pemba vilivyopandisha kuta za madarasa kwa michango, kisha vikakaa kungoja mabati ya Serikali? Ni watoto wangapi waliosoma kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana, kwa uhaba wa nafasi? Hivi karibuni zimejengwa skuli za ghorofa, nasi hatuzibezi. Lakini ghorofa haifundishi. Afundishaye ni mwalimu.

Watasema tunachochea. Hatuchochei, tunadai mambo manne. Kwanza, kamati za skuli zichaguliwe na wazazi wenyewe, si kuteuliwa. Pili, hesabu ya kila senti iliyoingia na iliyotoka ibandikwe mlangoni mwa skuli. Tatu, kabla mwananchi hajaombwa mchango, aambiwe waziwazi skuli ina waalimu wangapi na inapungukiwa na wangapi. Nne, skuli jirani ziruhusiwe kugawana mwalimu wa sayansi na maabara, ili mtoto wa shamba asikose alichonacho mtoto wa mjini.

Wanachama, msikatae kubeba jiwe. Libebeni, lakini mlibebe na daftari mkononi. Mwenye jasho ndiye mwenye kauli!