Mwacheni mama, inueni jiko
Safu ya Mama Furaha

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana kosa, na mama yake naye hana. Nalisema mapema ili anayetaka kubishana nami ajue tunabishania nini. Wiki hii neno "mzembe" limetamkwa mno uani kwa jirani yangu hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, na kila aliyelitamka alikuwa amekunja mikono.

Ilikuwa asubuhi, na baridi hii ya mwezi wa saba mnaijua. Mama alichemsha maji ya kuogesha watoto kwenye mbaula, yaani jiko la mkaa, akayamimina kwenye beseni chini, kisha akageuka kufuata dumu la maji ya baridi aje ayapoze. Hatua chache tu. Mtoto akamtangulia kwenye beseni, akazamisha mkono mpaka kiwikoni.

Kilio kile kilitutoa wote majumbani. Mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine akaitisha yai. Mliozoea safu hii mnajua vita vyangu na dawa ya meno, kumbe havijaisha. Dumu la lita 20 lilikuwa palepale, limejaa, na hakuna aliyeligusa. Nilipolishika, dada mmoja akanizuia: "Mama Furaha, hayo ni ya foleni!"

Najua ni ya foleni. Nami hupanga dumu langu bombani alfajiri. Lakini maji yale ndiyo yaliyokuwa dawa. Ngozi ikishaungua, joto lililoingia ndani huendelea kuila hata mkono ukishatolewa kwenye maji ya moto. Linalolitoa ni maji safi ya baridi, yakimiminika juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno haitoi joto, yai halitoi, unga hautoi. Vinaingiza uchafu tu na kumwachia muuguzi kazi ya kuvibandua huku mtoto analia upya. Lita 20 kwa dakika 20, kikombe baada ya kikombe: dumu moja linatosha! Tulimimina, mwili wake tumeufunika asipigwe na baridi, kisha tukaufunga mkono kwa kitambaa safi na kumkimbiza kwenye matibabu.

Tuliporudi, mzee mmoja alikuwa bado anahukumu. Wanawake wa siku hizi, alisema, hawaangalii watoto.

Baba yangu, waangaliwe vipi? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, na sasa tumepita 50,000. Nyumbani mbaula iko chini, beseni liko chini, sufuria ya uji iko chini, na mtoto anayejifunza kutembea yuko chini hapohapo. Mama huyohuyo ndiye wa bombani, wa kuni na wa sokoni. Lilongwe kwenye umeme nako si salama: waya wa birika unaning'inia mezani, mtoto anauvuta. Hospitali Kuu ya Kamuzu ina wodi ya walioungua tangu 2011, na wagonjwa wake wengi ni watoto wadogo waliomwagikiwa na maji, chai au uji. Uji ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu unanata na joto lake.

Basi maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate. Hilo ni letu akina mama, na tulianze leo jioni. Kuinua jiko ni kwa akina baba. Kambi nzima imejengwa kwa matofali mliyoyafyatua wenyewe. Jukwaa la kufika kiunoni ni udongo na mchana mmoja wa kazi, na mkono wa mtoto haufiki pale.

Mzee aliyehukumu ana rundo la matofali nyuma ya nyumba yake. Jana nilimwomba machache kwa ajili ya jirani yangu. Amesema atafikiria.