Wananunua Ardhi kwa Pesa Zetu, Wanatuficha Nini?

Kila jiji linapotaka kununua ardhi, kisingizio huwa kile kile: wananchi wasiambiwe mapema, bei itapanda. Kisha milango inafungwa, wakubwa wanaketi na muuzaji, na sisi tunaitwa siku ya kulipa. Nairobi ilishapata jibu la kisingizio hicho, na jibu lenyewe liko Mavoko.

Kati ya 2008 na 2009, lililokuwa Baraza la Jiji lilinunua ekari 120 huko Mavoko ili lipate mahali pa kuzikia. Haja ilikuwa ya kweli, maana makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu 1996. Lakini baraza lililipa shilingi milioni 283 kwa shamba lililokadiriwa kuwa na thamani ya chini ya milioni 30. Mwenye shamba mwenyewe alipata chini ya nusu ya fedha hizo. Ardhi yenyewe ilikuwa ya mawe, isiyofaa kuchimbwa kaburi. Mwaka 2018, karibu miaka kumi baadaye, mahakama ikawatia hatiani maafisa kadhaa, akiwemo aliyekuwa karani wa jiji.

Sasa niambieni, siri ile iliteremsha bei ya nini?

Na ilimficha nani? Madalali walijua. Maafisa walioshika kalamu na muhuri walijua. Asiyejua ni mama mboga wa Gikomba anayelipa ada ya soko, na mwenye kioski anayefuatwa na askari wa jiji kwa sababu ya leseni. Hao ndio waliogharamia ununuzi ule. Siri ya namna hii haimzuii mlanguzi kupandisha bei. Inamzuia mlipaji kuuliza kwa nini imepanda.

Tena msituambie kwamba taratibu zilifuatwa. Kamati ya zabuni ilikuwapo. Makaratasi yalikuwapo, na sahihi zilitiwa. Kilichokosekana ni jicho la mtu asiye na mgao. Mchimba kisima yeyote wa Mavoko angewaeleza bila malipo kilichoko chini ya udongo ule. Hakuulizwa, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kutoboa siri.

Wala ugonjwa huu haukuzikwa pamoja na baraza la zamani. Huko Ruaraka, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ililipa shilingi bilioni 1.5 kuwa sehemu ya fidia ya ardhi yenye shule mbili za umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba ardhi hiyo tayari ilikuwa mali ya umma. Yaani tulitozwa bei ya kitu chetu wenyewe! Jambo kama hilo lilipaswa kuulizwa hadharani kabla ya senti moja kutoka, si mahakamani baada ya mabilioni kwenda.

Nakubali jambo moja. Kiwango cha mwisho ambacho jiji liko tayari kulipa kinaweza kubaki siri wakati wa mapatano, maana muuzaji akikijua atakidai chote. Lakini siri hiyo iishie hapo. Mahali ardhi ilipo, kazi itakayofanya, ripoti ya udongo, historia ya hatimiliki, majina ya wamiliki halisi na wale waliojificha nyuma ya kampuni, yote hayo yawekwe wazi tangu mwanzo. Bei ikishaafikiwa, itangazwe pamoja na tathmini ya mthamini huru, na wananchi wapewe siku 30 za kuikagua na kuipinga kabla ya malipo.

Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa wananchi. Hakuna mahali kinaposema isipokuwa ardhi.

Basi wawakilishi wadi wa Nairobi wapitishe sheria ya kaunti yenye masharti hayo, na wakatae bajeti yoyote ya kununua ardhi isiyoyatimiza. Atakayepinga ajitokeze aeleze anamlinda nani.

Nasi tusiwasubiri. Ukisikia kaunti inanunua ardhi, andika barua ya kudai stakabadhi zake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua moja wataitupa kapuni. Barua elfu moja kutoka Kayole, Kibera na Kawangware, zikifika kabla ya hundi kutiwa sahihi, zitawalazimu kufungua mlango.