Mbingu ya Kuazima

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya picha za mandhari, hasa zile za mlima wetu, ambazo kila muhula hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mwisho wa mwaka huchaguliwa kumi na mbili kwa ajili ya kalenda ya shule. Najua wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tano angefanya vema kushughulika na masomo yake kuliko kubishana juu ya mawingu. Lakini kalenda hiyo huingia katika nyumba nyingi za wazazi wetu, hutundikwa ukutani mwaka mzima, na wadogo zetu huitazama kila siku. Basi si jambo dogo kuuliza kama kinachoonyeshwa humo kilipata kuwako duniani.

Kalenda ya mwaka huu ina picha moja ya Kibo iliyosifiwa sana. Mlima wenyewe umetoka vizuri, nami nausifu. Mbingu ndiyo inayonishinda. Atazamaye picha ile kwa makini ataona kwamba vivuli vya miti ya uwanjani vimelala kuelekea kushoto. Sisi wa Moshi tukiutazama mlima tunaelekea kaskazini, na mashariki iko mkono wetu wa kulia. Kwa hiyo jua lilikuwa kulia, na saa ile ilikuwa ya asubuhi. Lakini tazama mawingu: yamewaka rangi ya chungwa upande wa kushoto, yaani magharibi, kama kwamba jua linazama huko. Jua limechomoza na kuzama kwa wakati mmoja! Bila shaka mbingu ile ilitolewa katika picha nyingine ikabandikwa hapo kwa programu ya simu, kazi ambayo siku hizi humalizika kwa kugusa kioo mara mbili tatu. Simtaji aliyeipiga, wala simlaumu, maana hakuna aliyemkataza. Lawama, kama ipo, naiweka juu ya sharti la mashindano lisemalo kwamba picha iwe ya mbingu safi na ya kupendeza.

Kwa sharti hilo hilo picha nyingine ilikataliwa. Aliipiga kijana wa Kidato cha Pili wakati wa masika, akiwa amesimama kwenye baraza ya bweni. Mlima hauonekani hata kidogo. Kinachoonekana ni ukuta wa mvua uliokwisha kumeza nusu ya migomba, mahindi yameinama kwa upepo, na mwanga mwembamba umepenya chini ya wingu ukaangukia bati la jiko, likang'aa kama fedha. Mmoja wa wachaguzi akamwuliza kwa upole, "Mlima uko wapi, mwanangu?" Kijana akanyamaza, kama ilivyo adabu. Mimi nadhani jibu lilikuwapo: mlima umo ndani ya mvua ile, nao ndio ulioileta.

Tuliosoma Jiografia twajua jinsi ilivyo. Jua likipanda, miteremko hupata joto, na hewa yenye unyevu hupanda mlimani. Ikifika juu hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu. Ndiyo sababu Kibo huonekana alfajiri, kisha ifikapo saa nne au saa tano hujifunika, na mara nyingi hujifunua tena jioni. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wingu la kijivu hukaa upande wetu wa kusini hata siku kadhaa mfululizo, na huku chini twavaa masweta wakati waliopanda juu ya wingu wanaota jua. Upande huu wa kusini ndio upatao mvua nyingi. Vihamba vya kahawa na migomba, na mifereji iliyochimbwa na wazee wetu, vyote vyategemea mawingu hayo ambayo wachaguzi wa picha huyaona kuwa ni uchafu wa kufutwa. Mbingu isiyo na wingu kwa miezi mitatu ni nzuri sana kwa kalenda, lakini mwulize mkulima atakuambia nini.

Kadhalika kuna jambo la mwanga ambalo wengi hulichukua katika maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali. Wapiga picha wa Ulaya husifu ule mwanga wa manjano wa jua lililo chini, na huko hudumu sana. London, siku fupi za Desemba, jua hata saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi kutoka upeo wa macho, basi vivuli ni virefu siku nzima. Hapa kwetu, nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, jua hupanda karibu wima, na nyuzi hizo 15 hulifikia baada ya yapata saa moja tu tangu kuchomoza. Anayetaka mwanga ule lazima awe amekwisha kusimama mahali pake kabla ya jua, kamera mkononi. Akikawia kunywa uji, umekwisha. Naona ugumu huo ndio utamu wenyewe wa kazi hii, na programu ya kubandika machweo humnyima mtu utamu huo pamoja na kutudanganya sisi watazamaji.

Hata upinde wa mvua una sheria yake. Huonekana tu ukilipa jua mgongo, tena jua liwe chini ya nyuzi 42 hivi. Kwa hiyo hapa Moshi upinde ni wa asubuhi kabla ya saa tatu na nusu, upande wa magharibi, au wa alasiri kuanzia karibu na saa kumi, upande wa mashariki. Saa sita mchana haupo kamwe. Picha moja ya ubaoni muhula huu ina upinde juu ya Kibo, yaani kaskazini, na vivuli vya watu viko chini ya miguu yao. Nawaachia wenzangu wa Fizikia.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya kuwanasa watu. Nasema haya kwa sababu picha ya mandhari ni shahidi, na mlima huu una kesi. Mwaka wa 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima na kuandika kwamba kileleni kuna theluji. Huko London bwana mmoja bingwa wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika, alishikilia kwamba jambo hilo haliwezekani karibu na Ikweta. Wenyeji wa miteremko hii walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi. Rebmann naye alikuwa na maneno tu, na maneno ya mtu mmoja hubishiwa kwa urahisi.

Baadaye kamera zilifika. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipanda mpaka kilele cha Kibo mwaka wa 1889, na Meyer aliporudi mwaka wa 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kurudi nyuma. Mwaka wa 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa mlimani wakipiga picha za upimaji, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana ramani ya barafu yote. Kwa ramani hiyo barafu ilienea yapata kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka wa 2011 haikufika 2. Mabingwa wa leo wasingaliweza kusema imepungua kiasi gani kama watu wale wa kale wangalijali kupendeza tu, wakaipaka barafu weupe pale ilipokwisha, au wakaondoa wingu na kuweka mbele yetu kilele cha siku nyingine.

Na hapa pana hatari ambayo wengi hawaifahamu. Theluji mpya na barafu ya kale ni vitu viwili. Usiku mmoja wa mvua huku chini waweza kukifanya Kibo cheupe hata mbali chini ya kingo za barafu, na kufika mchana weupe huo ukawa umeyeyuka karibu wote. Mtu akipiga picha asubuhi ile, asiandike tarehe wala saa, atakayeikuta baada ya miaka thelathini atasema, "Ama kweli, barafu ilikuwa nyingi siku zile." Picha ni ya kweli, lakini kwa kukosa tarehe inasema uongo. Watoto wetu huenda wakaikuta Kibo haina barafu kabisa. Watatuuliza sisi tuliokuwapo ilikuwaje, na tutawaonyesha nini? Machweo ya kubandikwa?

Iko picha maarufu ya Marekani inayoonyesha jinsi mwanga wa kweli ulivyo na faida. Ansel Adams alikuwa akipita kwa gari karibu na kijiji cha Hernandez, New Mexico, jioni, akaona mwezi umepanda juu ya milima, na mwanga wa mwisho wa jua umeangukia misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari kwa haraka, akakosa kukiona kipimo chake cha mwanga, akakisia kwa kuwa aliujua mwangaza wa mwezi. Akapiga moja, kabla hajapiga ya pili mwanga ulikuwa umekwisha kuondoka misalabani. Tarehe hakuiandika, na kwa miaka mingi picha ile ilitajwa kwa miaka mbalimbali. Lakini kwa kuwa mwezi ulikuwa ni mwezi wa siku ile ile na mahali pale pale, wataalamu wa nyota walikokotoa wakapata tarehe 1 Novemba 1941, saa kumi na moja ya jioni kasoro dakika 11. Mwezi wa kubandikwa usingaliweza kutoa ushahidi huo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mpinzani hodari, ameniambia kwamba Adams naye aliitia mbingu ile weusi zaidi alipokuwa akichapisha, na kwamba Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alikuwa akiunganisha bahari ya picha moja na mawingu ya picha nyingine. Yote mawili ni kweli. Kutia weusi kitu kilichokuwapo, mimi sikukatai. Hata macho yetu huona weusi kwa namna mbalimbali. Le Gray naye alikuwa na udhuru. Dawa ya sahani zake za kioo iliungua upesi mno kwa rangi ya samawati, basi mpaka bahari imetokea, mbingu ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe tupu. Kamera ya klabu yetu haina udhuru huo. Na hata hivyo wingu lile lile la Le Gray linaonekana katika picha zaidi ya moja, kama koti moja linalovaliwa na ndugu wawili. Ni picha nzuri mno, nami natamani kuziona kwa macho, lakini hakuna awezaye kuzitumia kujua siku ile kulikuwa na hali gani pwani ya Ufaransa.

Wengine hunena kwamba wazazi wanapenda picha nzuri, na kalenda isiponunuliwa maabara haitapata vifaa. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Ila nina mashaka kama wazazi wamepata kuulizwa. Mlima wa mbingu safi wameuona tayari katika maboksi na fulana na matangazo ya wasafiri, tena mara nyingi ukiwa umepigwa kutoka Amboseli, upande wa Kenya, pamoja na ndovu. Mvua ikija juu ya mahindi yao wenyewe ni kitu ambacho hakuna anayewauzia.

Ninaloomba kwa walimu wetu wa kamati si jingine ila hili: sharti la mbingu safi liondolewe, mbingu isitolewe katika picha nyingine, na kila picha iandikwe nyuma yake tarehe, saa, mahali aliposimama mpigaji, na hali ya hewa ilivyokuwa. Picha zisizochaguliwa zisitupwe, ziwekwe maktaba katika sanduku kwa mfuatano wa miaka. Gharama yake ni sanduku. Nami nasisitiza kwa wapigaji wenzangu wasiiamini sana kamera mbele ya theluji na ukungu, kwa maana hudhani kila kitu ni cha kijivu na hupunguza mwanga, hata theluji ikatoka kama majivu, ongezeni kidogo. Na radi zikianza, ingieni ndani, msisimame chini ya mti wala katikati ya uwanja.

Mwezi wa Juni jua hupita kaskazini, upande wa nyuma wa mlima, na uso tuuonao sisi hukaa zaidi kivulini. Mwanzo wa Desemba jua huwa kusini, na uso huo hupata mwanga tangu kuchomoza, ikiwa wingu litaruhusu. Kabla ya kufunga shule klabu itatoka asubuhi tatu, saa kumi na moja na nusu, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Wanaotaka kuja wampe katibu majina yao, wala wasiulize kama mlima utaonekana.