"Anajifunza Tu": Neno la Kupunguzia Mshahara wa Kijana

Lipo neno dogo ambalo waajiri hulitumia karibu kila mahali wanapompa kijana kazi yake ya kwanza: "anajifunza tu." Neno hili lina sura ya upole, kana kwamba mwajiri amegeuka mwalimu na ujira umegeuka zawadi. Sisi tunalikataa. Na tunapenda kulichunguza pale ambapo limepambwa kwa sifa nyingi sana, yaani katika draivini za Marekani.

Wasomaji wetu wenye umri wanazikumbuka draivini. Dar es Salaam ilikuwa na yake, pale ulipojengwa baadaye Ubalozi wa Marekani, na Nairobi pia ilikuwa nazo. Familia iliegesha gari mbele ya skrini kubwa ikatazama picha bila kushuka. Ya kwanza ilifunguliwa na Richard Hollingshead katika jimbo la New Jersey tarehe 6 Juni 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na draivini zaidi ya 4,000. Siku hizi zimebaki 300 hivi. Kwa miaka mingi kazi zake zimefanywa na vijana wa shule wakati wa likizo, na watu wazima wa huko huisimulia kazi hiyo kwa mapenzi, kama wengine wasimuliavyo jando lao. Hatuna ugomvi na kumbukumbu za mtu yeyote. Ugomvi wetu ni wa hesabu.

Kazi yenyewe ni ipi? Kijana hufika jua lingali juu. Husimama getini akipokea fedha na kuhesabu vichwa ndani ya gari, na pengine kuamuru buti lifunguliwe, maana hila ya kuwaficha rafiki humo ni ya zamani kama draivini yenyewe. Huelekeza magari yapange safu. Hukaanga bisi na soseji karibu na mafuta ya moto, na wakati wa mapumziko kati ya picha mbili huhudumia mlolongo wa watu ambao wote wanataka kurudi garini upesi. Picha ya pili ikiisha, mara nyingi saa 7 usiku imepita, humwamsha dereva aliyelala, humtafutia msaada yule ambaye betri yake imekufa, kisha huokota takataka. Tunauliza: ni sehemu gani ya kazi hiyo ambayo mtu mzima angeifanya kwa nusu ujira?

Jambo moja halisemwi kwa sauti. Sehemu kubwa ya fedha za tiketi huchukuliwa na kampuni za picha. Kinachoiweka draivini hai ni bisi, soseji na soda. Basi huyo anayeitwa mwanafunzi ndiye asimamaye penye mlango wa riba yote.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 ilirekebishwa mwaka 1996, ikaruhusu aliye chini ya miaka 20 alipwe dola 4.25 kwa saa katika siku 90 za mwanzo. Kima cha chini cha taifa kwa wengine kimekuwa dola 7.25 tangu Julai 2009, lakini zile 4.25 za kijana hazijaguswa. Kwa zamu ya saa 6, kijana hupewa dola 25.50 mahali pa dola 43.50. Tena siku hizo 90 ni za kalenda, hata zile ambazo hakuitwa kazini. Aliyeanza tarehe 1 Juni huzimaliza tarehe 29 Agosti, yaani likizo yake yote, kisha hurudi darasani. Ni chuo gani hiki ambacho mwanafunzi huhitimu siku kinapofungwa?

Si hilo tu. Sehemu za burudani zisizofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka zaweza kusamehewa kima cha chini chenyewe, na wafanyakazi wa majumba ya sinema wameondolewa katika haki ya malipo ya saa za ziada. Kuhusu watoto wa miaka 14 na 15, sheria hiyo hiyo yataka wawe wameondoka kazini saa 3 usiku hata katika likizo. Lakini majira ya joto giza huchelewa, na picha huanza karibu na saa hiyo! Basi mtoto wa umri huo anayeuza bisi wakati wa mapumziko yupo pale kinyume cha sheria.

Tunakubali kwamba majimbo mengi yameweka vima vya juu zaidi, na kwamba wapo wenye draivini waungwana. Wengi wao ni familia ndogo ambazo zenyewe zimebanwa. Ilipofika mwaka 2013 hivi walilazimika kununua mitambo ya dijitali ya gharama kubwa, la sivyo wafunge. Mzigo huo ni wa kweli. Lakini kwa nini utoke kwa kampuni ya picha, upitie kwa mwenye draivini, utue begani mwa kijana wa miaka 16?

Tunadai kifungu cha siku 90 kifutwe, na misamaha ya majumba ya sinema na ya burudani za msimu ifutwe pamoja nacho. Na kwa kuwa neno "anajifunza tu" husikika pia katika gereji, maduka na hoteli zetu, mzazi ambaye mwanawe amepata kazi ya likizo, huko au huku, na amnunulie daftari. Aandike humo saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi alichoahidiwa na kiasi alicholipwa. Mwisho wa mwezi waende nalo wote wawili kwa mwajiri.