Uchunguzi wa Kivu Usingoje Amani

Februari 7, 2025, siku chache baada ya M23 kuiteka Goma, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliagiza uchunguzi wa maovu yanayodaiwa kutendwa dhidi ya raia wa Kivu Kaskazini na Kusini. Kesho yake, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za EAC na SADC walitaka mapigano yasitishwe mara moja. Wapo wanaodhani uchunguzi utavuruga mazungumzo. Hofu hiyo haina uzito. Kesi za Mahakama ya Rwanda, iliyoketi Arusha hadi 2015, zilitegemea sana mashahidi, nao mashahidi hutawanyika. Wakongomani wengi wamo kambini Nyarugusu, Kigoma. Wahojiwe mapema, kwa Kiswahili, majina yao yakilindwa.