Dawa Bila Maelezo ni Nusu ya Dawa

Ni jambo lijulikanalo na kila mwanachama ya kwamba dawa zimesogea karibu na watu kuliko zamani. Mwaka 2003 Serikali ilianza katika mkoa wa Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu mahali pa yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi, na baadaye mpango huo ukaenea mikoa mingine. Muuzaji hufundishwa kwanza, ndipo apewe ruhusa ya kuuza dawa kadha zilizo kubwa kuliko za kichwa na kikohozi. Kwa neema hiyo twashukuru. Lakini twauliza: dawa imefika, je, maelezo yake yamefika?

Tazameni kibahasha cha dawa anachorudi nacho mgonjwa. Mara nyingi kimeandikwa “2 × 3” basi. Aliyeandika alikusudia vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Lakini mzee wetu wa Igurwa, asemaye Kinyambo na aliyesoma kidogo, aweza kufahamu kuwa ni vidonge viwili kwa siku tatu. Na jirani yake aweza kufahamu kuwa ni vitatu, mara mbili. Hiyo ni hesabu, wala si maelezo, na mwenye kukosea hesabu hiyo hapotezi alama za shule bali afya yake.

Jambo hili lazidi uzito kila dawa inapobadilika. Mwaka 2001 nchi yetu iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikashika SP. Na ilipofika mwaka 2007 dawa mseto ilikuwa imeshika mahali pa SP. Dawa mseto haitaki kunywewa kwa mazoea ya zile zilizotangulia. Mtu mzima hunywa vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 katika siku 3, jumla 24. Mara ya pili huwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Tena yafaa inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana ndipo mwili huipokea vizuri. Asiyeambiwa hayo hunywa siku moja, homa ikishuka huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto, na vijidudu vya malaria hubaki damuni.

Wenzetu wa nchi nyingine waliona mapema ya kuwa maelezo ni kazi kamili. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kilifungua mahali maalumu ambapo wafamasia walijibu maswali ya madaktari juu ya dawa. Ulimwengu ulikuwa umetoka kupata somo chungu. Dawa iitwayo thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ilinywewa na wajawazito wengi, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono au miguu mifupi. Mwaka 1961 Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia waliyaona mambo hayo wakayatangaza, na dawa ikaondolewa. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianza kukusanya habari za madhara ya dawa kutoka nchi 10.

Hapa kwetu kazi hiyo ni ya TMDA, mamlaka iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019. Hupokea habari za madhara kwa fomu na kwa njia za simu na mtandao, wala si kutoka kwa waganga peke yao, bali hata kwa mgonjwa mwenyewe. Njia ipo, lakini ni wangapi vijijini waijuao?

Wako watakaosema: kazi ya dawa ni ya tabibu, karani yamhusu nini? Twajibu ya kwamba kuandika na kusoma ndiyo kazi yetu, na hapa kinachokosekana ni maandishi. Kwa hiyo twaomba mambo manne. Kwanza, kila kibahasha kiandikwe kwa maneno ya Kiswahili: vingapi, saa ngapi, siku ngapi, na pamoja na chakula au bila chakula. Pili, mtoa dawa amwombe mgonjwa arudie maneno aliyoambiwa, kwa Kinyambo ikiwa ndicho akijuacho. Foleni ni ndefu, twakubali. Lakini kurudia huko hakumalizi dakika moja, na mgonjwa aliyekosea dozi atarudi foleni ile ile. Tatu, namba ya simu ya kazi ya Mfamasia wa Wilaya ibandikwe ukutani katika kila zahanati na duka la dawa la Karagwe na Kyerwa, ili mtoa dawa mwenye shaka aulize kabla hajatoa. Nne, kila mwanachama aliye ofisi ya kijiji au ya kata ajifunze kupeleka habari za madhara ya dawa, amsaidie mwananchi asiyeweza kuandika.

Mambo haya hayangoji fedha kubwa wala jengo jipya. Yangoja kalamu, na kalamu tunazo. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kumeza usichokijua. Basi twawaomba wanachama wayafikishe haya kwa viongozi wao na katika mikutano ya vijiji.