BAKSHISHI: HIBA, UJIRA AU RUSHWA?

Katika mambo madogo yapitayo mikononi mwetu bila ya kutazamwa sana ni hii bakshishi. Mtu hula hotelini, akaacha fedha kidogo juu ya meza; hushuka chomboni Unguja, akamtia mchukuzi noti mkononi; hutembezwa katika magofu ya Kaole, akamwongeza mwenye kumtembeza juu ya malipo yaliyoandikwa. Mtoaji hudhani ametenda wema, na mpokeaji hudhani amepata riziki. Yamkini wote wawili wakawa wamesadiki. Lakini yamkini pia fedha ile ikawa ni haki ya mtu iliyozuiliwa, au ikawa ni rushwa iliyovishwa kanzu. Kwa hivyo mwezi huu tumependa kulitazama jambo hili, kwani pwani yetu, toka Kunduchi mpaka Bagamoyo, imekuwa na mahoteli mengi, na watoto wa Magomeni, Dunda na Nianjema ndio watandikao vitanda na kubeba sinia humo. Wengine huazimia kwenda mbali zaidi, kufanya kazi katika meli kubwa za watalii zizungukazo dunia, na baadhi yake hutia nanga Unguja na Mombasa. Huko bakshishi si jambo la pembeni. Mara nyingi ndiyo nusu ya maisha ya mtumishi au zaidi.

Neno lenyewe limetujia kutoka Kifarsi, na asili yake ni kutoa na kukirimu. Lakini kabla ya neno hilo kuenea, watu wa pwani walikuwa na ada zao. Katika harusi palikuwa na kiosha miguu na kifungua mlango; chuoni palikuwa na ufito wa kuanzia, na fundi alipewa kilemba mwanafunzi wake alipohitimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa hapa hapa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, aliziandika ada za namna hiyo kwa urefu. Ada hizo zilijulikana na kila mtu, zilitolewa mbele za watu, na hapana aliyezionea haya.

Mji wetu ulijua pia kupambanua baina ya malipo na malipo. Katika karne ya 19 wapagazi walitoka Bagamoyo kwenda bara kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, nao ni kama kilo 32. Ujira wa mpagazi ulikuwa jambo moja, na posho yake ya chakula jambo jingine. Na hongo waliyotozwa wenye misafara na wakubwa wa nchi njiani ilikuwa jambo la tatu. Hiyo ilikuwa ni ushuru wa kupita. Wala hapana mpagazi aliyekubali kuambiwa kuwa posho yake ndiyo ujira wake. Sisi leo tumeyachanganya hayo matatu, na katika kuchanganya huko ndipo watu wanapodhulumiana.

Tuanze na bakshishi iliyo hiba. Hiba ni kitu atoacho mtu kwa radhi yake, bila ya kudaiwa na bila ya kununua kitu kwacho. Hii ni njema, nayo ina asili katika mwenendo wa Mtume wetu, s.a.w. Imepokewa na Bukhari kwamba Abu Tayba alipompiga Mtume chuku, Mtume aliamrisha apewe pishi ya tende, kisha akasema na mabwana zake wampunguzie kiasi walichokuwa wakimtoza. Tazama, ndugu msomaji, mambo mawili yaliyomo humo. Mtenda kazi alipewa chake, kisha akasemewa kwa wenye mamlaka juu yake. Wengi wetu huweza la kwanza na kulisahau la pili. Kumwambia meneja kwa maneno au kwa barua kwamba fulani ametuhudumia kwa adabu na uaminifu ni bakshishi pia, nayo huenda ikamfaa zaidi kuliko noti.

Tena Mtume, s.a.w., alifundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, na usipomketisha ule naye, basi mpe japo tonge moja au mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto lake na taabu ya kukitengeneza. Hadithi hii humkumbusha mgeni kwamba mwenye kuleta sahani siye peke yake aliyefanya kazi. Yuko mpishi aliyesimama mbele ya moto, na yuko mama aoshaye mashuka nyuma ya nyumba, ambao mgeni hawaoni. Wenye hoteli waweka sanduku moja na kugawa kilichomo kwa wote wamefanya uadilifu, ikiwa mgawanyo huo ni wa wazi na wafanyakazi wenyewe waujua.

Na hiba ina adabu zake. Itolewe kwa mkono wa kulia, kwa uso mkunjufu, wala isirushwe mezani kama atupiwaye paka. Itolewe kwa siri ikiwezekana, wala baba asiwaambie watoto wake kwa sauti kiasi alichotoa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Basi na hii vivyo hivyo. Na atokaye ng'ambo asimpe mtu sarafu za chuma za kigeni, kwani wabadilisha fedha kwa kawaida hawazipokei, na mpokeaji huondoka na mlio tu mfukoni.

Sasa tuje kwenye bakshishi iliyogeuka ujira. Nchi ya Marekani sheria ya serikali kuu humruhusu tajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiasi ambacho hakijaongezwa tangu mwaka 1991, hali kiwango cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, lakini asili ya jambo ni hiyo: mshahara umehamishwa kutoka mfuko wa tajiri kwenda mfuko wa mgeni. Ufaransa mambo ni kinyume. Gharama ya huduma huwa imekwisha kutiwa ndani ya bei, na azidishaye hufanya hisani. Na Uingereza imetunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba, 2024, iwalazimishayo matajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi zao zote bila ya kukata kitu.

Katika meli nyingi za watalii, hasa za makampuni ya Kimarekani, msafiri huandikiwa kiasi fulani cha bakshishi kwa kila siku, na juu ya kila kinywaji huongezwa sehemu katika mia. Basi Muislamu asafiriye katika meli hizo na asome hesabu yake kabla ya kupanda. Ikiwa kiasi hicho kimeandikwa katika masharti naye akayakubali, atimize, kwani Waislamu hushika masharti yao. Wako waendao dawatini siku ya mwisho wakaomba kifutwe, hali wametandikiwa vitanda kwa siku saba. Japokuwa kampuni huruhusu, tunaona si muruwa kwa mtu aliyehudumiwa vyema kumnyima aliyemhudumia kwa kutumia mwanya wa sheria. Na akiwa amekwisha kutoa huko, halazimiki kutoa tena mkononi ila kwa hiari yake.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wenye nyumba za wageni. Mtume, s.a.w., aliamrisha mwenye kazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Hakuamrisha angojee mgeni mkarimu. Tajiri amwambiaye kijana kwamba mshahara ni mdogo lakini wageni watamtazama, ameuza kitu kisicho chake, maana ukarimu wa mgeni si mali ya tajiri. Miezi ya masika wageni hupungua. Je, kijana huyu na watoto wake wale nini? Na mbaya kuliko huyo ni akusanyaye bakshishi za watumishi akaziweka katika faida yake. Hiyo ni mali aliyokusudiwa mtu mwingine, na mwenye kuila ajue aila nini.

Bakshishi ya tatu ni ile iliyo rushwa. Watu husema penye udhia penyeza rupia, na wengi wameifanya methali hiyo kuwa dini. Tuikumbuke habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hizi zenu na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume, s.a.w., alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa babake au mamake akaona kama zawadi ingemfikia. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Pengine msomaji atasema: hata mtumishi wa hoteli akikaa kwa mamake hatapata kitu, mbona yeye mumemhalalishia? Tunajibu kwamba mkusanya zaka alishika amana ya umma, na zawadi yake ilielekea kumpofua katika hukumu. Mtumishi wa meza hahukumu haki ya mtu. Lakini naye akianza kumpa mwenye noti nyama zaidi kutoka jiko la tajiri wake, au kumruka aliyetangulia, au kupokea hali tajiri amekataza, basi amekwisha kuingia katika mlango ule ule. Ama karani wa serikali, askari, mwuguzi wa hospitali au mpima mizigo wa bandarini, hao kazi yao ni haki ya raia, na kitu wapewacho ili waifanye au waiharakishe ni rushwa, hata kikiitwa chai au maji ya kunywa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa humshika mtoaji na mpokeaji pamoja. Na sheria ya Mungu ilitangulia kuwalaani wote wawili.

Limebaki swali zito, nalo ni la kijana apataye kazi katika baa, nchi kavu au baharini. Bakshishi huko ni nyingi, kwa kuwa mlevi hahesabu. Mtume, s.a.w., amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya ulevi, na miongoni mwao yumo mwenye kuunywesha. Bakshishi hufuata kazi iliyoizaa: kazi ikiwa halali, nayo ni halali, kazi ikiwa haramu, haiwezi kutoharishwa kwa kuitwa zawadi. Tunajua kwamba maneno haya ni mepesi kuandika na ni mazito kwa mtu mwenye mama mgonjwa na ndugu wanaosoma. Kwa hivyo hatumwambii kijana aache kazi leo akalale njaa. Twamwambia aombe, tangu siku ya kuajiriwa, kazi ya vyumba, ya dobi, ya mitambo, ya bustani au ya dawati la mapokezi, kwani meli kubwa na hoteli kubwa zina kazi nyingi zisizogusa chupa. Na aliyekwisha kuingia, aazimie kutoka, atafute badala kwa bidii, na awaendee masheikh wa mji wake awaeleze hali yake ilivyo.

Na wazazi nao wana sehemu yao. Mzee apokeaye fedha kila mwezi bila ya kuuliza zatoka wapi, kisha akamwambia mwanawe mbona umepunguza, huyo ndiye amsukumaye mwanawe katika baa. Bora nyumba ipungukiwe kitoweo kwa mwezi mmoja kuliko kumfungia kijana njia ya kurudi.

Tena kijana aendaye baharini na asome mkataba wake mstari kwa mstari: mshahara wenyewe ni kiasi gani, na bakshishi inayotarajiwa ni kiasi gani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka mshahara ulipwe angalau kila mwezi pamoja na hesabu yake, nao unakataza baharia kutozwa ada kwa kutafutiwa kazi. Basi wakala akitaka kitu kidogo ili jina liingie katika orodha, kijana ajue kwamba safari imeanza kwa mguu mbaya.

Mwisho, tuitazame hali ya Nabii Musa, a.s., alipofika Madyan akiwa mgeni, mwenye njaa, asiye na mtu. Aliwanyweshea mifugo yao wanawake wawili, kisha akageuka akaenda kivulini akamwomba Mola wake, wala hakunyosha mkono kwao. Ndipo akaitwa apewe ujira wa kazi yake. Vijana wetu wahudumu kwa namna hiyo, macho yao yawe katika kazi kabla ya kuwa katika mfuko wa mgeni. Nasi tuhudumiwao tuwe kama yule mzee wa Madyan, aliyetuma mtu kumwita mwenye haki kabla ya yeye kudai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na apone kwa ujira wake kwanza, kisha hiba iwe ni heri juu ya heri.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na mikono inayotoa bila ya kusimbulia. Amin.